Uzi: Delhi hadi Leh kwa barabara, kundi la watu 12. Njia, magari, vibali na usiku wa kulala wapi

#1 Mpanganjia

Wakuu, maswali ya Ladakh (milimani kaskazini kabisa mwa India, mji wake mkubwa ni Leh) yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti: mmoja anaulizia visa, mwingine baridi, mwingine bei ya gari. Tuyaweke hapa. Nachukulia kundi la watu 12, kutoka Delhi hadi Leh kupitia Manali, mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba.

Miezi hiyo ina sababu. Barabara ya Manali–Leh hufunguliwa theluji ikishasafishwa, mara nyingi kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, na hufungwa tena Oktoba au Novemba. Julai na nusu ya kwanza ya Agosti ni kipindi cha mvua kubwa India kaskazini. Ladakh kwenyewe ni kukavu, milima imeiziba mvua kwa kusini, ila huwezi kufika bila kupita Mandi na Kullu, na huko ndiko mlima unakohamia barabarani. Julai 2023 mto Beas ulipasua barabara vipande vipande hadi Manali ikakatika. Ukikosa Septemba, chukua nusu ya pili ya Juni.

Delhi hadi Manali ni kama km 540. Ondokeni saa kumi alfajiri, kwa saa za huko (wametutangulia saa mbili na nusu, badilisheni simu uwanja wa ndege). Mkichelewa hadi saa moja asubuhi, foleni ya kutokea kaskazini mwa Delhi itawala saa mbili. Chai na paratha za viazi ni Murthal, km 50 hivi. Halafu Ambala, Chandigarh, Kiratpur, Mandi. Msilazimishe Manali siku hiyohiyo, laleni Mandi. Kesho yake ni nusu siku tu na mtapita korongo la Pandoh mchana, mkiona mawe yanayodondoka.

Manali iko mita 2,050. Juu yake kidogo ni handaki la Atal, km 9.02, lililofunguliwa 3 Oktoba 2020. Limefupisha njia kwa km 46 na kuwaondolea adha ya kupanda Rohtang (mita 3,978). Rohtang ina kibali chake, handaki halina. Mkitoka handakini mko bonde la Lahaul: Sissu, Tandi, Keylong, Jispa (mita 3,200 hivi). Kutoka Jispa hadi Leh zinabaki karibu km 335, na katikati kuna vivuko vinne: Baralacha La karibu mita 4,900, Nakee La, Lachulung La mita 5,060 hivi, na Tanglang La mita 5,328. "La" ni neno la Kitibeti la mahali pa kuvukia mlima, kwa hiyo ukiliona kwenye ramani jua kuna kupanda.

Mchango wenu, hasa hili: usiku kati ya Manali na Leh ulalwe wapi?

#2 Tandabelua

Mkuu, jibu la mawakala wote ni Sarchu. Ni katikati kabisa, mahema ya vitanda yapo kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, chakula cha jioni na cha asubuhi mnapewa. Siku ya kwanza Manali–Sarchu, ya pili Sarchu–Leh. Mkilala Jispa, siku inayofuata ni ndefu mno kwa kundi.

#3 Daktari wa Zamu

Tandabelua, kwa ramani ni katikati, kwa mapafu sivyo. Sarchu iko mita 4,290. Asubuhi mmeamka mita 2,050, usiku mnalala zaidi ya mita 2,200 juu yake. Kanuni ya kawaida ya tiba ya milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Hapo mmeivunja zaidi ya mara mbili.

Kwa wanaoijua Kilimanjaro: mtu wa njia ya Machame hulala mita 2,835, kisha Shira karibu 3,750, kisha Barranco 3,976, ndipo afike Barafu 4,673. Usiku tatu au nne za mwili kujizoesha, tena kwa miguu. Gari la Manali linakupeleka karibu na hapo kwa mchana mmoja, umekaa. Kukaa hakusaidii kitu. Mwili unahitaji siku, na gari limekunyima siku.

Halafu liangalieni hili kwenye ramani, watu wengi hawalioni. Dawa ya kwanza ya kuumwa na mwinuko ni kushuka. Ukizidiwa Sarchu saa nane usiku, huwezi kushuka bila kwanza kupanda. Kurudi Jispa ni kuvuka Baralacha, mita 600 juu yako. Kwenda Leh ni Lachulung kisha Tanglang. Pang (mita 4,600 hivi) ni mbaya zaidi, imefungwa pande zote mbili na vivuko vya mita 5,000. Ni bakuli. Jispa ukiumwa, barabara inateremka hadi Tandi, kisha handaki, kisha Manali, hakuna mlima wa kuvuka.

Kwa hiyo: usiku mbili Manali, usiku mbili Jispa au Keylong, halafu Jispa–Leh kwa siku moja. Siku ya mapumziko ya Jispa pandeni hadi Baralacha, teremkeni, mlale palepale Jispa. Panda juu, lala chini.

#4 Tandabelua

Daktari nimekuelewa, ila km 335 kwa siku moja kwa njia hiyo?

#5 Fundi Gia

Inawezekana kama hamna uvivu wa asubuhi. Kutoka Jispa saa kumi alfajiri. Darcha kuna kizuizi cha polisi, wageni wa nje mnaandikishwa pasipoti, kopi ziwe mkononi. Baralacha mapambazuko. Sarchu saa mbili asubuhi kwa chai. Kisha mizunguko ya Gata, kona 21 za kurudi nyuma juu ya ubavu mmoja wa mlima, na Pang saa sita au saba mchana. Baada ya Pang ni uwanda wa More, karibu km 40 za tambarare. Hapo dereva hurudisha muda uliopotea, na hapo pia ndipo husinzia, kaeni naye macho. Tanglang La alasiri, dakika kumi za picha, mnashuka. Upshi magharibi, Leh usiku unaingia. Saa 15 hivi barabarani. Mkitoka Jispa saa moja asubuhi, mtashuka Tanglang gizani na mtalaumiana.

Kuna sababu ya pili ya kuamka mapema: maji. Vijito vinavyokatiza barabara upande wa Zingzingbar, kabla ya Baralacha, ni theluji iliyoyeyuka. Alfajiri juu kumeganda, kijito kinafika kwenye kifundo cha mguu. Saa tisa alasiri jua limefanya kazi siku nzima, kijito kilekile kinafika gotini na kinaviringisha mawe. Madaraja yameongezwa, ila hayajamaliza vyote.

Namna ya kuvuka ni hii. Simameni, msifuate gari la mbele mkiwa nyuma yake moja kwa moja. Subirini lori lipite, tazameni matairi yake yamezama hadi wapi na yamepita wapi. Maji yakiwa chini ya katikati ya gurudumu, piteni. Yakizidi hapo, subirini au rudini. Abiria washuke kama kuna ubao au mawe ya kukanyaga, gari jepesi halikwami. Gia ya kwanza, mafuta ya kiasi kimoja mwanzo hadi mwisho. Kubadili gia katikati au kuachia mafuta ndiko kunakovuta maji kwenye ekzosi. Mkitoka ng'ambo, kanyageni breki kidogo kidogo mara tano sita huku gari linatembea, zikauke. Breki zilizolowa hukukatalia kwenye kona inayofuata, si pale kijitoni.

#6 Mpanganjia

Fundi, malizia na gari lenyewe. Watu 12: Tempo Traveller moja (basi dogo) au magari mawili madogo?

#7 Fundi Gia

Mawili. Najua Tempo ni rahisi kwa kichwa na mnakaa pamoja mkiimba. Lakini Tempo moja maana yake mmoja akiumwa, ama wote 12 mnarudi, ama mgonjwa anaburuzwa kwenda juu kwa sababu watu 11 wamelipia hoteli Leh. Hili la pili ndilo linaloua. Innova mbili, au moja na Scorpio, abiria sita kila moja: gari la pili linashuka na mgonjwa na mtu wa kumshika, wengine wanaendelea.

Ndiyo maana msipange mizigo kwa ukubwa wa mabegi. Begi la mtu lisafiri gari analokaa yeye. Kila gari liwe na dawa zake, maji yake, fedha zake, mtungi wake wa oksijeni. Kugundua Sarchu kwamba dawa zote ziko gari lililotangulia ni jambo la aibu.

Kuhusu kukodi. Pleti ziwe za njano zenye herufi nyeusi, ndiyo gari la biashara. Pleti nyeupe ni gari la mtu binafsi, mkikamatwa safari inaishia hapo na bima hailipi. Liwe na kibali cha utalii cha nchi nzima, la sivyo kila mpaka wa jimbo mnasimama kulipa kodi. Bei ya tambarare huhesabiwa kwa kilomita, na kiwango cha chini kwa kawaida ni km 250 kwa siku hata gari likilala. Mlimani mtapewa bei ya jumla. Ulizeni kwa maandishi: je, inajumuisha ushuru wa barabara, maegesho, kodi za majimbo, posho ya dereva ya usiku, na siku za gari kurudi tupu? Hiyo ya mwisho ndiyo huibuka Leh mkiwa mmeshachoka kubishana.

Na hili liwekeni wazi mapema: gari la Delhi au la Himachal (jimbo la Manali) litawafikisha Leh, lakini halitaruhusiwa kuwatembeza ziwa Pangong wala bonde la Nubra. Vyama vya teksi vya Ladakh vinataka magari yenye namba za Ladakh, na havina mzaha. Pikipiki na magari ya kukodi kutoka nje ni vilevile. Gari la Delhi liachwe Leh, mkodi la Leh.

Mafuta: jazeni Tandi. Bango la sheli ya pale limekuwa maarufu kwa kuandika kwamba kituo kinachofuata kiko km 365. Gari la dizeli linalokula lita 1 kwa km 10 linahitaji lita 37, ongeza theluthi ya milima, ni 49. Tangi la lita 55 linatosha ila halina ziada ya kuchezea. Pikipiki yenye tangi la lita 15 inayokwenda km 28 kwa lita inafika km 420, nayo ichukue dumu la lita 5.

Vipuri: matairi mawili ya spea kwa kila gari (mawe ya uwandani yana makali), jeki inayobeba gari likiwa na mizigo, spana ya magurudumu iliyojaribiwa kabla ya safari, kamba ya kuvutia, kulanti lita 2. Kifuniko cha rejeta kikague mapema. Kwenye mita 5,000 maji huchemka nyuzi 83 hivi, kifuniko kikivujisha presha gari litachemsha hata kwenye baridi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, msimtukane dereva akiweka gia ya kwanza kwenye mlima mdogo. Kushuka, gia iwe ya pili au ya tatu, breki za kugusa na kuachia. Mkisikia harufu ya kitambaa kilichoungua, simameni dakika 20. Msimwagie maji gurudumu, diski itapinda.

#8 Mama Tausi

Fundi umenena la wali bila kujua 😀 Ndiyo sababu huko wanapika kila kitu kwa presha kuka. Mahali pasipo na presha kuka, wali unabaki na kiini. Agizeni tambi za supu au mayai.

#9 Daktari wa Zamu

Dawa sasa. Asetazolamaidi, wengi mnaijua kwa jina la Diamox: mg 125 asubuhi na mg 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda kutoka Manali, hadi siku mbili baada ya kufika Leh. Vidole vitawasha kama ganzi, mtakojoa sana, soda itakuwa na ladha ya chuma. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa, mjamzito, mwenye shida ya figo: daktari wake kwanza. Dawa haikupi ruhusa ya kulala Sarchu.

Jambo ambalo tovuti nyingi za safari hii haziliandiki: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende. Mwenye vinasaba vyake tu, ambaye nyumbani haumwi chochote, kwenye mwinuko huo yuko kwenye hatari ya bandama kukosa damu: maumivu makali ubavuni kushoto chini ya mbavu, kichefuchefu, homa. Watu wa pwani na kanda ya ziwa tunao wengi wasiojijua. Pimeni kabla ya kununua tiketi, ni kipimo cha kawaida cha damu.

Kipima oksijeni cha kidoleni, kimoja kila gari. Pimeni asubuhi na jioni, mtu amekaa dakika tano, mkono umepashwa moto kwanza. Kidole cha baridi kinasoma chini. Rangi ya kucha na hina nyeusi au piko vinaharibu usomaji, basi dada zetu waache walau kidole kimoja bila rangi. Na kwa ngozi nyeusi vipimo hivi huelekea kusoma juu ya ukweli. Kikionyesha 86 na mtu hawezi kumaliza sentensi, aminini sentensi. Leh siku ya kwanza kuona 85 hadi 90 si ajabu. La kutazama ni mmoja kushuka mbali na wenzake.

Dalili za kushuka bila majadiliano ni tatu. Kukosa pumzi akiwa amekaa. Kikohozi kinachokoroma. Kuyumba: mwambie atembee hatua kumi, kisigino mbele ya vidole kama mtu wa kamba, akishindwa ubongo unavimba. Kuumwa kichwa kunakotulia kwa paracetamol na maji si moja ya hizo, ila asipande zaidi hadi kuishe.

Oksijeni: vile vikopo vya kupulizia vinavyouzwa Manali ni biashara. Kopo la lita 10, kwa lita 2 kwa dakika, linaisha dakika tano. Kodini mtungi halisi wenye kipimo na barakoa. Wa lita 1,500 za gesi kwa kasi hiyo unakaa saa 12 na zaidi, muda wa kufika hospitali. Leh kuna hospitali ya Sonam Norboo Memorial, wamezoea wagonjwa wa mwinuko. Pang kuna kambi ya jeshi yenye huduma ya kwanza.

Tena kabla ya kuondoka Delhi mteueni mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho ya "wewe unashuka", na asiwe mgonjwa mwenyewe wala mume au mke wake. Huko juu mgonjwa hukataa, na mwenzi wake humwonea huruma.

#10 Kipima Upepo

Daktari, mbona hamtaji njia ya Srinagar, kwa upande wa Kashmir? Ukitaka mwili uzoee taratibu, ingia kwa huko: Srinagar mita 1,585, Zoji La 3,528, unalala Kargil mita 2,676, kesho yake Fotu La 4,108 na Leh 3,500. Ngazi kwa ngazi. Halafu urudi kwa Manali, wakati damu imeshazoea, na hata Sarchu ukilala huumii sana.

#11 Daktari wa Zamu

Kwa tiba tu, uko sahihi asilimia mia. Tena ndiyo njia ningeiandikia kundi lenye wazee.

#12 Mpanganjia

Kwa mipango ina makato yake. Baada ya shambulio la Pahalgam la 22 Aprili 2025, someni tangazo la ubalozi wenu kuhusu Kashmir na masharti ya bima, zipo bima zinazokataa eneo ambalo serikali imelionya. Pia kipindi cha hija ya Wahindu ya Amarnath barabara ya Sonamarg hujaa misafara na vizuizi. Kundi litakalomudu hayo, lichukue ushauri wa Kipima Upepo bila kujiuliza mara mbili.

Bima yenyewe, isome mstari wa mwinuko. Nyingi za safari za kawaida zinaishia mita 3,000 au 4,000, na nyie mnapita 5,328.

#13 Kalamu ya Mhuri

Karatasi sasa. Visa ya mtandao ipo kwa Watanzania na Wakenya. Tovuti halisi inaishia na gov.in, nyingine zote zinazofanana nayo ni za madalali. Ichapisheni, msitegemee simu. Kadi ya homa ya manjano ibebeni hata kama mmeambiwa haihitajiki. Chanjo iwe na siku 10 au zaidi, na India huweza kumweka karantini hadi siku 6 mtu aliyetoka nchi yenye ugonjwa akiwa hana kadi. Mkipitia Nairobi, Entebbe au Addis, msibishane na hilo.

Hoteli: si kila nyumba ya wageni inapokea mgeni wa nje. Mwenye hoteli lazima aandikishe taarifa zenu kwa kinachoitwa Fomu C, wadogo wengi hawana akaunti hiyo na watawakataa mlangoni saa nne usiku. Wakati wa kuweka nafasi ulizeni hivi tu: "Mnapokea pasipoti ya kigeni, mna Fomu C?"

Barabara ya Manali–Leh yenyewe haina kibali kwa mgeni. Nubra, Pangong na ziwa Tso Moriri zinacho, kinaombwa kwa wakala aliyesajiliwa Leh, na wageni huombewa wakiwa wawili au zaidi, kwa kundi si tatizo. Kiombeni siku ya kwanza ya mapumziko Leh, mkiwa mnalala na kunywa maji. Kopi kumi za pasipoti na visa kwa kila mtu, na orodha ya majina ya kundi kopi kumi. Mtu mmoja azibebe zote kwenye faili lisiloingia maji.

Simu: laini ya kulipia kabla iliyonunuliwa Delhi inazima Ladakh. Za Delhi zinazofanya kazi huko ni za mkataba wa kulipia mwisho wa mwezi, ambazo mgeni ni shida kupata. Tegemeeni waifai ya hoteli Leh, na simu ya dereva. Kati ya Darcha na Upshi hesabuni hakuna mtandao. Na yeyote mwenye simu ya setilaiti au kile kifaa kidogo cha kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti akiache nyumbani. India ni kosa la jinai kuwa nacho bila kibali, watalii wamekamatwa viwanja vya ndege.

#14 Pwani Moja

Asalaam alaykum wana uzi. Chakula cha halali njiani kikoje? Kundi letu nusu ni Waislamu.

#15 Mama Tausi

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Delhi hakuna shida. Kuanzia Punjab uwe macho na neno "jhatka" kwenye kibao: ni nyama iliyokatwa kwa pigo moja la upanga, desturi ya Masingasinga, si halali. Neno "dhaba" ni mgahawa wa barabarani, na nyingi za njia hiyo hazipiki nyama kabisa. Hapo roho itulie, mle dengu, rajma (maharage) na wali, mtindi, chapati. Nyama ya ng'ombe msiulizie hata kwa utani. Leh Msikiti wa Jamia uko sokoni kabisa, na wachinjaji Waislamu wapo. Kargil karibu wote ni Waislamu. Kibla huko ni karibu magharibi, kwa kuinama kusini kidogo. Mliozoea kuelekea kaskazini msije mkaswali kwa mazoea.

#16 Pwani Moja

Shukran dada. Na baridi?

#17 Mama Tausi

Delhi mwanzo wa Septemba ni joto la nyuzi 33 na unyevu, Baralacha alfajiri ni chini ya sifuri. Kwa hiyo nguo za baridi zikae juu ya begi, si chini, maana mtazihitaji garini gizani. Suruali ya ndani ya sufu au ya kubana, sweta, jaketi lisilopitisha upepo, kofia ya masikio, glavu, soksi jozi nne. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua pia, weusi wetu hauzuii midomo kupasuka. Mafuta hayo na dawa ya meno vifungueni taratibu: chupa iliyofungwa Delhi imebeba hewa ya Delhi, huko juu inatema. Pakiti za krispi zinavimba kama mipira, zikipasuka mwanzoni mtadhani ni tairi.

Na kitu kimoja kwa herufi kubwa: MSIINGIZE JIKO LA MKAA WALA LA GESI KWENYE HEMA AU CHUMBA. Baridi ya Ladakh inavumilika kwa blanketi tatu.

#18 Mhasibu wa Kundi

Fedha: mashine za kutoa pesa zipo Manali, Keylong na Leh, katikati hakuna. Tegemeeni Manali, ya Keylong ikikauka imekauka. Chukueni noti za 100, 200 na 500. Noti ya 2,000 ilianza kuondolewa kwenye mzunguko Mei 2023, ndugu wa Delhi akikurudishia deni kwayo ikatae. Fedha za kundi ziwe mafungu mawili sawa, moja kila gari. Plagi za huko ni za pini za duara, zetu za pini bapa haziingii, nunueni adapta Delhi na soketi ya kugawanya.

#19 Tandabelua

Basi nipewe ratiba moja ya kubandika ukutani.

#20 Mpanganjia

Chukua hii. Siku ya 1 Delhi. Siku ya 2 Mandi. Siku ya 3 na 4 Manali, mnaanza dawa siku ya 4, mnakodi mitungi, mnakagua matairi. Siku ya 5 Jispa, kama km 95 tu, mnafika mchana. Siku ya 6 Baralacha na kurudi Jispa, jioni kila mtu apimwe. Mwenye kichwa kinachogonga abaki usiku wa tatu, na gari moja libaki naye. Siku ya 7 Leh. Siku ya 8 na 9 Leh bila kupanda chochote, hata ngazi za ikulu ya zamani ziacheni hadi siku ya 9 jioni. Siku ya 10 Nubra kwa Khardung La (kibao kinajigamba futi 18,380, vipimo vinasema mita 5,359), mnalala Diskit, mita 3,100 hivi, chini kuliko Leh. Siku ya 11 kurudi Leh. Siku ya 12 Pangong, mita 4,250, kwenda na kulala. Msiitangulize kabla ya Nubra. Siku ya 13 Leh.

Siku ya 14 ndege ya kwanza ya asubuhi Leh–Delhi. Chukueni ya kwanza kwa sababu mchana upepo wa bonde hupanda na joto huipunguzia hewa uzito, ndege za alasiri ndizo huahirishwa. Mizigo ipimeni kabla, hapo hawakuongezei kilo. Na tiketi ya kurudi Dar au Nairobi iandikwe usiku wa siku ya 15, si wa 14.

#21 Tandabelua

Siku 15. Wakala aliniandikia 9.

#22 Fundi Gia

Muulize hizo 9, usiku wa Sarchu ni wa ngapi.